Kibati Namba Nne

Mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, mwanaume mmoja alibisha mlango wangu akauliza kama mimi ndiye mtoto wa yule soudeur, mchomeleaji wa vyuma, wa mkono wa kushoto. Papa alikuwa amefariki siku nyingi, na sikudhani kwamba Bukavu bado kuna mtu anayemkumbuka kwa mkono wake. Nilimwambia ndiye mimi. Nikampa kiti.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwuza vitambaa, mtoto wa familia moja ya Waislamu ambao mababu zao walitoka pwani, wakakaa Uvira, kisha wakapanda Bukavu. Alikunywa chai yangu taratibu halafu akaeleza kilichomleta. Babu yake alikuwa ameacha gari. Haikuwa gari ya kawaida. Ilikuwa ya Kiamerika, ya milango miwili, ya zamani sana, na mtu mmoja wa Ulaya anayekusanya gari za namna hiyo alikuwa amewaandikia kwenye simu akisema anaitaka.

"Sasa shida iko wapi?" nikamuuliza.

"Anataka preuve, maman prof, ushahidi. Anasema kama hakuna preuve, ile gari iko chuma tu. Na batu benye kuitengeneza bote balishakufa. Banasema papa yako njo aliisoudaka."

Hapo nilijua gari gani anayoisema.

Papa alipokuwa kijana, kulikuwa mjini na nyumba moja ya kuuza magari, yenye atelier, karakana kubwa, nyuma yake. Gari zilifika kutoka ng'ambo zikiwa kama zilivyotengenezwa. Lakini kulikuwa na wateja wachache, wenye mashamba ya chai na wafanyabiashara wa kahawa, waliotaka gari ya kupanda milima yetu bila kuhema. Kwa hao, atelier ilichukua gari mpya, ikatoa mashine yake na kuweka nyingine kubwa zaidi, ikakaza chasisi kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa, ikainua springi, ikaongeza tangi la pili la essence, yaani petroli. Mwisho walipigilia kibati kidogo cha aluminium ndani, chini ya boneti, chenye jina la nyumba na namba: moja, mbili, tatu, kwenda mbele. Papa alizungumzia gari hizo mara nyingi. Siku nyingine alisema zilikuwa sita, siku nyingine saba.

Ugumu wa kuzitambua uko hapo hapo. Kiwandani zilitoka sawa na nyingine zote. Ukichukua namba ya kiwanda ukauliza huko ilikotengenezwa, watakujibu kwamba ni gari ya kawaida, na hawatakuwa wamedanganya, kwa sababu wao hawakujua yaliyofanyika Bukavu. Ni atelier iliyojua, na karatasi za atelier hazipo tena. Wenye nyumba waliondoka, waliokuja baada yao wakaondoka pia. Nikiwa mtoto nilinunua karanga za kukaanga zilizofungwa ndani ya karatasi zenye jina la nyumba ile. Nilikula karanga, karatasi nikatupa.

Mimi si fundi wa magari. Ninafundisha dessin technique, uchoraji wa kiufundi, kwenye shule moja ya ufundi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaambia wanafunzi wapige mstari ulionyooka. Lakini nilikulia kwa soudeur. Nyumbani kwetu mlango wa uani, vitanda, hata babula, lile jiko la makaa, vyote vilipita mikononi mwa papa. Shuleni walimchapa mpaka akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia. Alipofika kwenye chalumeau, ule moto wa gesi wa kuchomelea, hakukuwa na mwalimu wa kumchapa, akarudia mkono wake.

Jambo hilo lilikuwa na maana kwa kazi hii. Mshono wa chuma kilichochomelewa una magamba kama ya samaki, yamelaliana moja juu ya jingine. Mgongo wa kila gamba unaelekea mahali fundi alipoanzia, na mwishoni kuna kishimo kidogo alipouondoa moto. Kwa hiyo mshono unakuambia fundi alitoka wapi akaenda wapi. Mtu wa mkono wa kulia, kwa moto wa gesi, huanza kulia akasukuma kwenda kushoto. Papa alianza kushoto. Kati ya mafundi wote wa atelier ile, alikuwa peke yake. Nilikuwa na miaka tisa aliponionyesha hayo kwenye mlango wa uani, akishika kidole changu na kukipitisha juu ya magamba kama mtu anayesomesha vipofu.

Nilikubali kwenda kuitazama gari.

Ilikuwa Ibanda, kwenye nyumba moja ya zamani iliyo karibu na ziwa, ndani ya banda la mabati, imefunikwa turubai. Uani alikaa baba yake yule mwuza vitambaa, mzee wa miaka zaidi ya sabini, kofia nyeupe kichwani, mkongojo umeegemea goti. Alinisalimia kwa adabu kubwa, akaniuliza habari za nyumbani, akasema alimjua papa yangu kwa sura. Alipoinuka kunisindikiza bandani niliona kwamba anachechemea sana, mguu wa kushoto ukija nyuma kama mtu anayevuta gunia. Hakuingia bandani. Alisimama mlangoni akitutazama.

Gari ilikuwa nzuri, lazima niseme. Rangi yake ya bluu ilikuwa imefifia na viti vimepasuka, lakini umbo lake lilikuwa refu na la chini, kama mnyama aliyejilaza kabla ya kuruka. Mashine ilikuwa imebadilishwa zamani, wameweka dizeli ya Kijapani kama gari nyingi za hapa, kwa hiyo mashine haikuweza kutuambia lolote. Chini ya boneti, kibati kilikuwepo. Nilikisafisha kwa kitambaa. Jina la nyumba, na chini yake namba nne. Herufi zake zilikuwa sawa kabisa na zile za kibati kimoja cha majaribio ambacho papa alikileta nyumbani, tukakitumia kukwangulia masufuria. Kibati cha gari hii hakikuwa cha kughushi.

"Unaona?" mwuza vitambaa akasema. Uso wake ulikuwa umefunguka.

"Ninaona kibati. Nionyeshe chini."

Nililala juu ya gunia nikaingia na taa. Vile vipande vya kukaza chasisi vilikuwepo, mahali pale pale papa alipokuwa ananichorea. Mahali hapo huwezi kufika isipokuwa umekaa upande wa nje, mbele ya gurudumu, uso umeelekea gari. Nilipangusa matope, nikapitisha kidole. Magamba yalitoka kulia kwenda kushoto. Nikaenda upande wa pili. Kulia kwenda kushoto. Nikatazama vipande vyote, na vyote vilikuwa vya mtu wa mkono wa kulia, tena mtu aliyekuwa na haraka.

Nikatoka chini, nikarudi kwenye kibati, safari hii nikitazama zile ribiti nne zilizokishika. Za atelier zilikuwa nzima, za kupigwa kwa nyundo pande mbili. Hizi zilikuwa na tundu katikati, zile za kuvutwa kwa koleo. Unaweza kuzifunga peke yako, umesimama upande mmoja tu.

Nilimwambia nilichokiona. Kibati ni cha kweli, lakini sidhani kwamba kilizaliwa na gari hii. Akasema labda siku ile papa yangu alikuwa mgonjwa, mwingine akashika kazi yake. Lilikuwa jambo linalowezekana, nami nikakubali kwamba linawezekana. Kabla ya kuondoka nikaandika namba ya chasisi. Ilimalizikia na tatu, moja, nane.

Mlangoni, mzee hakuniuliza nimeona nini. Alisema tu, "Mungu akufikishe salama, mwalimu."

Wa atelier ile alikuwa amebaki mmoja, fundi wa umeme, amestaafu kwake Nyangezi. Nilikuwa nimemwona mara ya mwisho kwenye mazishi ya papa. Tulikwenda na pick-up ya mwuza vitambaa. Tulimkuta anakaza waya wa zizi la sungura, miwani imefungwa kwa uzi. Alinisalimia kwa Mashi, lugha ya kwetu, akanishika mikono yote miwili, kisha akatuingiza ndani.

Nilipomwambia habari ya kibati, aliingia chumbani akarudi na daftari ya jalada gumu iliyovimba kwa unyevu. Nilidhani nitaona hesabu. Ilikuwa ni michoro ya nyaya. Gari zile zenye mashine kubwa zilihitaji nyaya tofauti, na kila moja aliichorea ukurasa wake, ili ikirudi kwa matengenezo asianze upya kuwaza. Juu ya kila ukurasa aliandika namba ya kibati na tarakimu tatu za mwisho za chasisi.

"Zilikuwa ngapi, tonton?" nikauliza, nikimwita mjomba kwa heshima. Swali hilo nilikuwa nalo tangu utoto.

"Sita. Papa yako alipendaka kuongeza."

Alilamba kidole, akafunua. Namba nne. Chini yake, kwa kalamu ya risasi: mbili, sifuri, saba.

Mwuza vitambaa aliinama akaisoma mwenyewe, akaisoma tena. "Labda uliandika vibaya," akasema.

Fundi wa umeme hakukasirika. "Mutoto yangu, namba ine ilianguka ku mulima ya Ngomo. Siye njo tulienda kuichukua na camion, lori kubwa. Mbele ilibaki muzima, nyuma yote ilikuwa imekunjika kama karatasi. Kisha balimuuzia mutu wa moulin ya kusaga unga, kule Luvungi. Alitaka châssis ya mbele na moteur."

"Ilianguka na nani?"

Fundi wa umeme alifunga daftari. Alimtazama mwuza vitambaa, akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Hiyo uulize ku nyumba yenu," akasema.

Ndani ya pick-up nilimwambia kwamba kwangu kazi imekwisha, ushahidi tumeupata. Yeye hakutaka. Alisema daftari ya mzee mmoja si kitu, kwamba anataka kuona kwa macho yake, na kama huko Luvungi hakuna chochote basi nikubali kumwandikia mtu wa Ulaya kwamba gari ni ya kweli. Sikukubali hilo, lakini nilikubali safari. Nikisema ukweli, nilitaka kwenda kwa ajili yangu. Kama fundi wa umeme alikuwa sahihi, mahali fulani Luvungi palikuwa na kazi ya papa ambayo sikuwahi kuiona.

Tuliondoka asubuhi ya siku ya pili yake. Tulipita Nyangezi tena, tukapanda na kushuka Ngomo kwa gia ya kwanza, mwuza vitambaa akitazama upande wa bonde kila tulipokata kona. Kamanyola joto lilitupokea, na tulipofika Luvungi nguo zilikuwa zimetuganda mgongoni.

Moulin haikuwa ngumu kuipata, kwa maana unaisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa nyumba ya matofali isiyo na mlango, wanawake wamekaa nje na mabeseni ya mihogo mikavu na mahindi, wakingoja zamu. Mwenye moulin alikuwa mama wa rika langu, unga umemwingia mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameirithi kwa baba yake. Tulimweleza tunachotafuta na yeye akadhani tumetumwa na watu wa kodi. Ilinibidi nimweleze mara ya pili, nikimtaja papa na kazi yake.

"Moteur ya kwanza ilikunywaka essence mubaya sana," akasema. "Papa alichoka nayo, akaitoa. Iko kule nyuma. Kuku zinalala juu yake."

Tulikwenda nyuma. Ilikuwepo, mashine ya V8 kubwa nyeusi, imezama nusu kwenye udongo, na kuku mmoja mwekundu akatutazama bila kuinuka.

"Na chasisi, maman?"

"Châssis gani?"

"Ile iliyokuja na moteur."

Akacheka. "Si njo hii yenye kubeba moulin?"

Aliizima mashine. Wanawake nje wakalalamika, akawaambia wangoje kidogo, kuna mwalimu kutoka Bukavu amekuja kutafuta kazi ya baba yake. Neno hilo liliwanyamazisha. Baadhi yao waliingia wakasimama ukutani.

Chini ya moulin, miguu yake imezikwa kwenye saruji, palikuwa na sehemu ya mbele ya chasisi ya gari. Wameikata katikati kwa msumeno, wakaiweka kama meza. Mwuza vitambaa alivua saa yake, akapiga magoti kwenye pumba, akaanza kusugua kwa brosi ya waya na mafuta ya taa mahali nilipomwonyesha. Ilichukua muda mrefu, kwa sababu unga na grisi vilikuwa vimeshikana kama lami. Namba ilitoka kidogo kidogo. Alipoona sifuri aliacha kusugua. Nilichukua brosi nikamalizia mwenyewe. Mbili, sifuri, saba.

Kisha nikatafuta mishono. Sikuhitaji taa. Nilipitisha kidole kwenye kipande cha kwanza na magamba yakakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, membamba, yamelingana, na mwishoni kile kishimo kidogo. Vipande vinane, vyote hivyo hivyo. Moulin ilikuwa imetikisika juu yake miaka yote hiyo na hakuna mshono hata mmoja uliofunguka. Nilikaa chini kwenye pumba, mgongo kwenye ukuta, na mama mwenye moulin akaniletea maji ya kunywa.

Kwenye safari ya kurudi, mwuza vitambaa alifungua kinywa tukiwa tumeipita Kamanyola.

"Maman prof, sikuombe uongo. Andika tu yenye unajua. Kibati iko ya kweli au haiko ya kweli?"

"Ni ya kweli."

"Basi andika ivo. Kibati namba ine, ya kweli. Ufunge barua."

Nilifikiri. Si kwamba ombi lake lilikuwa la kijinga. Kila neno kwenye barua kama hiyo lingekuwa sahihi, na mtu wa Ulaya angejaza mwenyewe yaliyobaki. Wanafunzi wangu huchora hivyo wakati mwingine: wanaacha upande ambao hawakuuelewa, wakitumaini kwamba sitauliza. Nikamwambia siwezi. Alikaza mikono kwenye usukani, akakanyaga mafuta mpaka Bukavu.

Nilidhani ataniacha kwangu. Alinipeleka moja kwa moja Ibanda, akazima gari uani kwao, akashuka haraka. Baba yake alikuwa amekaa pale pale.

"Baba," akasema, "nani aliyeangusha gari ya babu kule Ngomo?"

Mzee alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama vumbi la Luvungi kwenye viatu vyetu. Halafu akaniomba nikae. Yeye alizungumza Kiswahili cha wazee wao, kinachonyooka zaidi kuliko chetu.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa amesafiri, mimi nikachukua ufunguo bila ruhusa. Nilitaka nifike Uvira nirudi kabla hajajua. Kwenye kona moja ya Ngomo nikakuta mawe yameporomoka. Gari ikateleza kinyumenyume bondeni, ikakaa juu ya mti. Mguu wangu ulibanwa na mlango, ukavunjika."

"Mlituambia huo mguu uliumia kwenye mpira," mwanawe akasema.

"Mimi sijawahi kucheza mpira."

Ndani ya nyumba mtu alikuwa anaosha vyombo.

"Nilipotoka hospitalini nilingoja anipige," mzee akaendelea. "Hakunipiga. Alitafuta gari nyingine ya aina ile ile, ya kawaida, kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa anahama. Akaipaka bluu. Akamwita fundi mmoja wa mtaani aweke vile vyuma chini. Kibati alikuwa amekitoa kwenye ile iliyovunjika. Akanipa mkononi, akanipa na koleo la kuazima, akasema, kifunge wewe. Nikakifunga. Akasema, sasa gari imetengenezwa. Wewe hutasema neno, na mimi sitasema neno."

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mji huu ulikuwa mdogo, mwalimu. Ile gari kila mtu aliijua. Ningeitwa yule aliyeivunja mpaka leo. Hakuna aliyeniita hivyo. Walisema tu, mzee amepata fundi mzuri."

Mwuza vitambaa alikuwa amesimama muda wote huo. Sasa alichuchumaa mbele ya baba yake, akaweka mkono juu ya ule mguu, mahali pa goti. Sikujua kama anataka kulia au kukasirika, na nadhani yeye pia hakujua.

"Si ungesema, baba. Tumezunguka Luvungi yote."

"Niliahidi. Na mwenye ahadi amekufa, kwa hiyo hakuna wa kunifungulia." Kisha akanigeukia. "Mmekwisha kuona wenyewe. Sikusema mimi. Andika yote."

Niliandika kurasa mbili, na ya tatu ya michoro: kibati na ribiti zake, mishono ya gari ya Ibanda, mishono ya Luvungi, mishale ikionyesha mkono ulikotoka na ulikoenda. Niliambatisha picha ya ukurasa wa daftari kwa ruhusa ya fundi wa umeme. Habari ya ajali niliitaja kwa mstari mmoja, bila kumtaja dereva. Mwuza vitambaa aliisoma yote mbele yangu, akapiga picha kila ukurasa, akatuma.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi hivi. Mtu wa Ulaya alishukuru sana. Alisema gari ya Ibanda haitaki tena, lakini alikuwa na wazo jingine: je, ingewezekana achukue kibati, chasisi ya mbele ya moulin, ile V8 ya kuku, na bodi ya gari ya bluu, vyote viunganishwe huko kwao, namba nne isimame tena? Mwuza vitambaa aliniuliza nina maoni gani. Nilimwambia kwamba hapo tutakuwa tumepata gari ya saba, na fundi wa umeme alisema zilikuwa sita. Lakini moulin haikuwa yangu. Akampigia simu yule mama, akaweka sauti nje ili nisikie.

"Châssis?" mama akasema. "Na hawa bamama batasagia wapi?"

"Watakuletea nyingine mpya, ya chuma kizuri."

"Hii yenye iko, iliwahi kukufa? Apana. Mumuambie aksanti."

Mambo yakaishia hapo. Mnunuzi aliandika mara mbili nyingine, kisha akaacha. Gari ya bluu bado iko Ibanda. Wameshona viti, na mwaka huu imebeba maharusi wawili wa ukoo wao. Ukiinua boneti utakikuta kibati, kwa maana mzee alikataa kisitolewe. Alisema yeye alikifunga kwa amri, na amri haijabadilika.

Mwezi wa kumi na mbili mwuza vitambaa alinipigia simu. Baba yake alitaka kupelekwa Luvungi na alikuwa ameomba niwepo. Tulimkalisha mbele, mguu umenyooshwa juu ya mto. Kule Ngomo nilimtazama kwa kioo nikitegemea kwamba atatuonyesha ile kona. Alikuwa amelala.

Luvungi alishuka mwenyewe, akakataa kushikwa. Wanawake wa kwenye mstari walimpisha. Alisimama mbele ya moulin kwa muda, akaweka kiganja juu ya chuma kilichokuwa kinatetemeka, akakitoa, akatazama unga uliobaki mkononi. Mama mwenye moulin akazima mashine.

"Muzee," akasema, "njo weye uliiangushaka?"

"Ndiyo, mama. Ni mimi."

Mama alijipangusa mikono kwenye kitenge.

"Aksanti basi. Bila weye, papa yangu angetoa châssis wapi?"

Wanawake walicheka, na mzee naye akacheka, kwanza taratibu, halafu mpaka ikambidi akae kwenye gunia la mtu. Alitaka kujua inasaga mabeseni mangapi kwa siku, nani alimfundisha kuitengeneza, na kama mvua inaingia. Mama alimjibu yote. Tukala wali na samaki kwa jirani, kisha tukaondoka mapema, kwa sababu alasiri ukungu hushuka Ngomo na mwuza vitambaa hapendi kuupanda mlima ule bila kuona mbele.